Jeli inayoganda kwa joto na kuyeyuka kwenye friji: polima "hujipangaje" zenyewe?

#1 ChupaBaridi
Habari wakuu. Kuna jambo linanisumbua wiki ya pili sasa.

Natengeneza jeli ya kubebea dawa ya kupaka. Malighafi ni poloksama 407, polima (molekuli ndefu kama mnyororo) ya unga mweupe. Mara ya kwanza nilifanya nilivyozoea: nikapasha maji, nikamwaga unga, nikakoroga. Nikapata mabonge yenye utelezi nje na unga mkavu ndani, na hayakuyeyuka hata kidogo. Mwenzangu aliyenitangulia kazini akaniambia nitumie maji ya nyuzijoto 4 au 5, nikoroge taratibu, kisha niyaache kwenye friji hadi kesho yake. Nikapima gramu 20 za unga kwa gramu 80 za maji. Asubuhi nikakuta kimiminika angavu kinachotiririka vizuri.

Nikaishika chupa mkononi huku nikizungumza na mtu. Dakika chache baadaye nikaipindua: hakishuki kitu. Imeganda, na bado ni angavu. Nikairudisha kwenye friji, ikawa majimaji. Nimerudia zaidi ya mara kumi na haichoki.

Mafuta huganda kwa baridi. Nta huganda kwa baridi. Maji yenyewe huganda kwa baridi. Hii inaganda kwa joto la kiganja! Nikiuliza naambiwa "polima zimejipanga zenyewe". Zimejipangaje? Nilifundishwa kwamba joto huvuruga, na sheria ya pili ya thamodainamiki inasema mvurugiko huongezeka. Kwa hiyo nasema wazi: ama sheria ina mwanya hapa, ama neno "kujipanga" halielezi kitu. Nipeni sababu.

#2 Mkaa_Kimya
Nimevuta kiti. Nasubiri wajuzi.

#3 BintiKemia
Mkuu, anza na umbo la molekuli. Poloksama ni mnyororo mmoja wenye vipande vitatu. Katikati kuna polioksipropileni, pembeni kulia na kushoto kuna polioksiethileni. Hivi vya pembeni vinapenda maji. Cha katikati, kwenye baridi kinavumilia maji, lakini ukipasha kinayachukia.

Kikishayachukia hakina pa kukimbilia, maana kimefungwa na wenzake wanaoyapenda. Suluhisho ni minyororo kukusanyika, vipande vya katikati vikajificha ndani na vya pembeni vikabaki nje kama manyoya. Huo mpira mdogo unaitwa miseli, na upana wake ni nanomita 20 hivi. Hakuna aliyeupanga. Ni kama sabuni inavyofanya ikizunguka tone la mafuta.

#4 Gogo la Zamani
Mbona jambo dogo. Yai likichemshwa linaganda. Joto linagandisha vitu vingi tu.

#5 BintiKemia
@Gogo la Zamani yai halirudi. Liweke kwenye friji mwezi mzima, halitakuwa bichi tena, kwa sababu protini zake zimekunjuka na kushikamana ovyo. Ya mleta mada inakwenda na kurudi. Mfano unaofaa ni methiliselulosi: nayo huganda ikipashwa na kuyeyuka ikipoa.

#6 Gogo la Zamani
Hapo umenishika, dada. Nafuta yai.

#7 MwalimuWaJoto
ChupaBaridi, sheria haina mwanya. Kosa ni kwamba umehesabu upande mmoja wa daftari. Umehesabu polima peke yake ukaona zimepangika. Hukuhesabu maji, na kwenye chupa yako molekuli za maji ni nyingi kuliko minyororo kwa mbali mno.

Molekuli ya maji iliyo jirani na kitu inachokichukia haina uhuru. Lazima ijigeuze kwa namna chache ili isipoteze vifungo vyake vya haidrojeni na maji mengine. Minyororo ikijificha pamoja, maji yale yanaachiwa huru. Entropi (kipimo cha namna ngapi molekuli zinaweza kukaa) ya polima inashuka, ya maji inapanda, na jumla inapanda. Kauzmann aliweka wazo hili mbele mwaka 1959 alipoeleza kwa nini protini hujikunja. Ukiangalia hesabu, kutengeneza miseli za poloksama *kunameza* joto. Kama kunameza joto na bado kunatokea kwenyewe, basi kinachosukuma ni entropi. Ndiyo maana joto linasaidia badala ya kuzuia: kwenye ΔG = ΔH − TΔS (ΔG ikiwa hasi jambo hutokea lenyewe; ΔH ni joto linalomezwa, T ni halijoto, ΔS ni badiliko la entropi), T ikikua, sehemu ya entropi inapata uzito zaidi.

Niruhusu niseme hili kwa moyo wote: watu wengi wanafundishwa kwamba entropi ni "fujo", halafu wakiona kitu kimepangika wanadhani ni muujiza. Neno fujo limepoteza wanafunzi wangu wengi kuliko mlinganyo wowote.

#8 ToneLaMaji
Nakubaliana na mwalimu kuhusu entropi, sikubaliani kuhusu *kwa nini* maji yananyimwa uhuru. Picha ya maji kujenga kitu kama barafu kuzunguka kitu kinachoyachukia ilitoka kwa Frank na Evans mwaka 1945. Ni picha nzuri, lakini vipimo vya nyutroni kuzunguka molekuli ndogo havikuiona hiyo barafu ilivyotarajiwa.

Kuna maelezo mengine: molekuli ya maji ni ndogo mno. Ukitaka kuingiza kitu kwenye kimiminika lazima kwanza utengeneze tundu. Kwenye kimiminika cha molekuli ndogo, nafasi tupu zimegawanyika vipande vidogovidogo, na tundu kubwa ni nadra kutokea. Gharama ya tundu peke yake inatosha kueleza sehemu kubwa ya chuki hiyo. Barafu haihitajiki.

#9 MwalimuWaJoto
@ToneLaMaji sikutaja barafu popote. Soma tena #7, nimesema "namna chache za kujigeuza". Ila hoja ya tundu naichukua, ina nguvu.

#10 ToneLaMaji
Kweli hukutaja. Samahani mwalimu.

#11 ChupaBaridi
Asanteni. Naanza kuona njia, ila mmeruka swali. BintiKemia kasema kipande cha katikati "kinavumilia maji kwenye baridi". Kwa nini kivumilie? Mafuta hayavumilii maji, yawe ya baridi au ya moto. Na kwa nini vile vya pembeni vibaki vinapenda maji hata kwenye joto, wakati majina yenyewe yanafanana?

#12 BintiKemia
Vyote viwili vina oksijeni kwenye uti wa mnyororo, na oksijeni hiyo inashikana na maji kwa kifungo cha haidrojeni. Tofauti ni kikundi kimoja tu cha methili kwenye kila kiungo cha polioksipropileni. Kwenye baridi vifungo vinashika, maji yanakaa. Ukipasha, vifungo vinalegea, methili inashinda. Cha pembeni hakina hiyo methili, kwa hiyo kinahitaji joto kubwa zaidi kabla hakijakata tamaa.

Kwenye mnyororo mmoja wa 407 kuna viungo 100 hivi vya polioksipropileni katikati, kwa hiyo chuki inajumlishwa mara 100.

#13 Kipimo_Sahihi
Sahihisho dogo: katikati ni 65 hivi. Mia ni *kila upande* wa pembeni. Uzito wa molekuli unakuwa karibu 12,600, na sehemu inayochukia maji ni asilimia 30 hivi tu ya uzito.

#14 BintiKemia
Ni kweli, nimegeuza namba. Asante.

#15 MzeeMaabara
Wanangu, hapo kwenye "vifungo vinalegea" msipite haraka. Hadithi hiyo inasimuliwa kila mahali, na ina tatizo.

Chukueni polioksimethileni. Ina kaboni moja pungufu kwa kila kiungo kuliko polioksiethileni, kwa hiyo ina oksijeni *nyingi zaidi* kwa uzito. Kama suala lingekuwa oksijeni kushikana na maji tu, ingeyeyuka kuliko zote. Lakini haiyeyuki. Watu wanaichonga gia za mashine! Kjellander na Florin mwaka 1981 walisema siri ni umbali kati ya oksijeni na oksijeni: kwenye polioksiethileni umbali huo unakaa vizuri na mpangilio wa maji, kwa hiyo maji yanaweza kuufunika mnyororo bila kuvunja mtandao wake.

Karlström mwaka 1985 akaja na njia nyingine kabisa. Yeye alitazama mnyororo wenyewe. Kila kipande kinaweza kujikunja kwa namna kadhaa. Zipo chache zenye ncha za umeme zilizo wazi, hizo maji yanazipenda. Zipo nyingi zisizo na ncha za kutosha, hizo maji hayazitaki. Kwenye baridi mnyororo unakaa kwenye zile chache zenye nishati ndogo. Ukipasha, unahamia kwenye zile nyingi, kwa sababu ni nyingi. Kwa maelezo haya polima *inabadilika tabia* yenyewe, na maji yanaitikia tu.

Nimefanya kazi na vitu hivi miaka mingi. Siku moja namwamini Kjellander, siku nyingine Karlström. Vyote viwili vinatoa namba zinazokaribia vipimo.

#16 Mkaa_Kimya
Mzee kaja na gia za mashine. Kiti hiki siondoki.

#17 MpangaMachungwa
Mmezungumza machapisho kumi na mawili kuhusu miseli, na mleta mada aliuliza kuhusu JELI. Miseli si jeli. Maji ya sabuni yamejaa miseli na yanamwagika.

Jeli inatokea pale miseli zinapokuwa nyingi kiasi kwamba zinabanana na kukaa kwenye mpangilio wa fuwele, kama machungwa yaliyopangwa. Mortensen na wenzake mwaka 1992 walipiga nyutroni kwenye poloksama jamaa ya hiyo na wakaona mpangilio wa mchemraba. Ulitokea miseli zilipofika takribani asilimia 53 ya ujazo. Sasa linganisheni na Alder na Wainwright, waliotumia kompyuta mwaka 1957 kuonyesha kwamba mipira migumu isiyovutana hata kidogo hujipanga yenyewe ikibanwa vya kutosha. Leo tunajua fuwele huanza kutokea karibu na asilimia 49. Hakuna gundi hapo. Mpira uliopangwa unapata nafasi zaidi ya kutikisika kuliko uliokwama ovyo. Entropi tena, ila safari hii ni ya mipira, maji hayahusiki.

Kwa hiyo ChupaBaridi, umekutana na mipangilio miwili tofauti ukaiita mmoja.

#18 Kizibo
@MpangaMachungwa asilimia 53 zinatoka wapi? Mwenzetu ameweka gramu 20 katika 100. Mimi nasema ni manyoya. Miseli zikikaribiana, manyoya ya nje yanaingiliana na kusokotana, basi mtandao umepatikana. Maelezo ya kusokotana yapo muda mrefu na yanaeleza mnato bila fuwele yoyote.

#19 MpangaMachungwa
Gramu 20 ni uzito wa polima. Nilichotaja mimi ni ujazo wa miseli, na manyoya yanabeba maji mengi ndani yake. Mpira wa manyoya yaliyolowa ni mkubwa kuliko polima iliyomo.

Na kuhusu kusokotana, tazama kipimo cha joto. Ukipasha poloksama taratibu kwenye kalorimita (chombo cha kupima joto linalomezwa au kutolewa) unaona kilima kikubwa pale miseli zinapoundwa. Pale jeli inapotokea, karibu hakuna kitu. Kama jeli ingetokana na kushikana kupya, joto lake lingeonekana.

#20 Kizibo
Kusokotana nako si kifungo cha kemia. Minyororo ikipitana haimezi joto kubwa. Kipimo chako hakimtoi yeyote kati yetu.

#21 FundiSoli
Samahani naingia kutoka pembeni. Mimi niko kiwanda cha soli za viatu, na tunatumia kitu cha vipande vitatu vilevile: polistireni, polibutadieni, polistireni. Kwetu mambo ni kinyume. Tukipasha kinakuwa laini, tunakisukuma kwenye kalibu, kikipoa kinakuwa mpira. Mabaki tunasaga na kuyayeyusha tena, jambo ambalo mpira uliopikwa kwa salfa haukubali.

Niliambiwa kwamba ncha za polistireni zinajikusanya kuwa vijibonge vigumu na kushikilia sehemu ya katikati inayovutika. Sasa kwa nini yenu igande kwa joto na yetu kwa baridi?

#22 BintiKemia
Fundi, swali lako limenifurahisha. Kwenu hakuna maji. Vipande viwili vinachukiana vyenyewe, na minyororo ikiwa mirefu chuki ndogo inatosha, kwa sababu mnyororo mrefu unapata entropi kidogo sana kwa kuchanganyika. Vijibonge vya polistireni vinakuwa kama kioo chini ya nyuzijoto 100 hivi, ndiyo maana soli haitambai juani. Ukivuka hapo vinalegea, mnyororo unachomoka. Kwa mleta mada maji ndiyo yanayoleta kinyume.

Na kemia yenu isingekuwepo bila Szwarc, ambaye mwaka 1956 alionyesha polima zinazoendelea "kuishi": ukimaliza kulisha kiungo cha aina moja, ncha bado iko hai, unalisha aina ya pili. Ndivyo vipande vinavyoungwa kwa mpangilio unaoutaka.

#23 FundiSoli
Miaka tisa nashika hiyo malighafi na sikuwahi kujua kwamba ncha zinabaki hai. Asante sana dada.

#24 MiguuMinane
Mnazungumza vipande vipande na hamjamtaja bingwa. Buibui anahifadhi protini tumboni ikiwa nzito sana, hadi karibu nusu ya uzito, na haigandi. Anaivuta kupitia mfereji mwembamba na inatoka uzi mkavu, kwa joto la kawaida, kwa maji tu. Mnyororo wake nao una vipande: vinavyopenda maji na visivyopenda vikipokezana. Mwaka 2003 Jin na Kaplan walisema siri ya buibui ni miseli zinazoungana na kunyooka zikivutwa.

#25 Kipimo_Sahihi
Ile ya 2003 ilijengwa juu ya hariri ya *nondo wa hariri*. Kwa buibui waliokuwa mbele ni Vollrath na Knight, 2001, nao walieleza kioevu-fuwele: molekuli zinapangika mwelekeo mmoja ndani ya mfereji kabla hazijawa uzi. Ni maelezo mawili tofauti.

#26 MiguuMinane
Umenisahihisha vizuri. Lakini naongeza: kwenye tezi ya buibui asidi inaongezeka njiani, pH inashuka kutoka karibu 7.6 hadi 5.7, na ncha za protini zinabadilika na kushikana kwa sababu hiyo. Siku hizi wapo wanaosema kwanza protini inajitenga kuwa matone ndani ya maji, ndipo yafuate mengine. Kwa hiyo maelezo ni matatu, na kila moja lina picha zake za darubini.

#27 Mkaa_Kimya
Tumefika kwenye uzi ndani ya uzi.

#28 MzeeMaabara
Msishangae kutokubaliana. Chukueni Nafion, utando unaopitisha protoni kwenye seli za mafuta ya haidrojeni. Unauzwa, unafanya kazi. Gierke na Hsu miaka ya themanini mwanzoni walisema maji hukaa kwenye vifuko vya nanomita 4 hivi vilivyounganishwa na mifereji membamba. Mwaka 2008 Schmidt-Rohr na Chen wakachukua data ileile ya eksirei, wakasema hapana, ni mirija mirefu sambamba. Wengine wanaona tabaka. Kitu kimetumika miongo mingi, na umbo lake la ndani bado lina wagombea.

#29 ChupaBaridi
Wakuu, nimerudi na majibu. Nimesoma yote kisha nikaingia maabara.

Nimetengeneza ya asilimia 10. Haigandi, hata kwenye nyuzijoto 37. Ya 20 inaganda kama kawaida. Ya 20 niliyotia chumvi ya kawaida inaganda mapema zaidi, kwenye ubaridi ambao ile ya kawaida bado inamwagika. Nikaazima vichujio viwili vya poleraizi (kila kimoja hupitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu), nikavikatisha ili mwanga usipite, nikaweka jeli katikati: giza tupu. Mwisho nikatumbukiza chupa kwenye maji yaliyokaribia kuchemka, na mbele ya macho yangu jeli ikawa *majimaji tena*. Ikipoa kidogo inaganda, ikipoa zaidi inayeyuka. Nimesimama pale kama mtoto.

Moja linaniumiza. Nikimwagia maji juu ya jeli na kuiacha kwenye nyuzijoto 37, baada ya saa chache inakuwa imelika. Dawa yangu nataka ikae siku nzima.

#30 MpangaMachungwa
Asilimia 10 haigandi: hazijabanana. Giza: mchemraba, kwa sababu mpangilio wa mchemraba haugeuzi mwanga. Ungekuwa wa mirija au tabaka ungeng'aa. Nimeridhika.

#31 Kizibo
Minyororo iliyosokotana ovyo nayo inatoa giza, ndugu yangu. Na nayo inahitaji wingi, kwa hiyo asilimia 10 haitoshi kwake pia. Ulichoonyesha ni kwamba haina tabaka, basi. Bila eksirei au nyutroni hatujatoka hapa.

#32 MpangaMachungwa
Hilo la giza nakupa. Ila kule kwenye joto kubwa je? Joto likizidi, manyoya nayo yanaanza kuyakimbia maji, yanasinyaa, mipira inapungua ujazo, nafasi inapatikana, jeli inafunguka. Hii inakwenda sawa kabisa na kubanana.

#33 Kizibo
Manyoya yakisinyaa hayasokotani pia.

#34 ToneLaMaji
Na chumvi inasema upande wetu wa maji. Inayavuta maji, kipande cha katikati kinakosa wa kumvumilia mapema zaidi. Mzee, Karlström anaielezaje chumvi?

#35 MzeeMaabara
Kwa shida, mwanangu. Lakini Kjellander naye alihitaji marekebisho yake. Nitatafuta daftari langu la zamani, nilipima chumvi kadhaa, na hazikuwa na nguvu sawa.

#36 BintiKemia
ChupaBaridi, kuhusu kulika: hakuna kifungo cha kudumu kati ya miseli na miseli. Maji yakiingia, wingi unashuka chini ya kile kiwango, jeli inafunguka yenyewe. Ndiyo gharama ya kitu kinachojipanga: kinajipangua vilevile. Njia mojawapo ni kubadilisha ncha za minyororo kuwa akrilati, uache ijipange kwanza, kisha uifunge kwa mwanga wa urujuanimno. Lakini ikishafungwa hairudi kuwa majimaji, na dawa lazima iwemo tayari.

#37 ChupaBaridi
Nilipenda ile kurudi. Kabla sijaifunga kwa mwanga nataka nipime kwanza inalika kwa kasi gani kwa asilimia 18, 20, 25 na 30. Na nimeomba nafasi kwenye mashine ya eksirei ya pembe ndogo (inayoonyesha mpangilio wa vitu vidogo kama miseli), nimeambiwa nipeleke sampuli tatu tu. @Kizibo na @MpangaMachungwa, chagueni nyuzijoto mnazotaka.

#38 Kizibo
Moja pale inapoanza tu kuganda, isiyozidi hata nyuzi moja. Hapo ndipo tutajua kipi kinatangulia.

#39 MpangaMachungwa
Nakubali hiyo. Ya pili nyuzijoto 37. Ya tatu mwachie Mzee.

#40 MzeeMaabara
Ya tatu iwe na chumvi.